Kasi Ipo, Sauti Inakatika: Foleni Ndani ya Wi-Fi

Lalamiko ambalo sisi wa TEHAMA hulisikia mara kwa mara ni hili: kipimo cha kasi kinaonyesha megabiti 50 kwa sekunde, lakini mkutano wa video ukianza sauti inakatika na picha inaganda. Mlalamikaji hushauriwa anunue kifurushi kikubwa zaidi, na mara nyingi fedha hiyo hupotea bure, kwa kuwa tatizo lake ni pakiti, yaani vipande vidogo vya data vinavyosafiri mtandaoni, kukaa kwenye foleni.

Simu ya sauti haihitaji kasi kubwa. Kwa usimbaji wa G.711, mojawapo ya njia za kugeuza sauti kuwa data, sauti huchukua kilobiti 64 tu kwa sekunde, ikikatwa vipande vidogo ambavyo kwa kawaida hutumwa kila baada ya milisekunde 20. Inachohitaji ni kufika kwa wakati: pendekezo la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, ni kwamba safari ya sauti kutoka kwa msemaji hadi kwa msikilizaji isizidi milisekunde 150, maana ikizidi sana hapo wazungumzaji huanza kudakana maneno.

Sasa tazama kinachotokea simu ya mtu mwingine nyumbani inapoanza kupakia picha kwenda hifadhi ya mtandaoni. Programu inayotuma huongeza mwendo hadi pakiti zianze kupotea, na ruta yenye bafa (kumbukumbu ya kuhifadhi pakiti zinazongoja kutumwa) kubwa huchelewesha upotevu huo kwa kupokea kila kitu na kukipanga foleni. Bafa ya pakiti 1,000 zenye baiti 1,500 kila moja, ikijaa mbele ya laini inayopakia megabiti 5 kwa sekunde, huchukua sekunde 2.4 kuisha, na kipande cha sauti kinachofika mwisho wa foleni hiyo hungoja muda wote huo. Mwaka 2012 watafiti wa mitandao Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa mbinu ya CoDel ya kusimamia foleni, ambayo haitazami urefu wa foleni bali muda ambao pakiti imekaa humo: ukiendelea kuzidi milisekunde 5 kwa kipindi cha milisekunde 100, ruta hudondosha pakiti ili mtumaji apunguze mwendo. Mbinu ya FQ-CoDel, iliyojengwa juu yake, huongeza jambo moja muhimu, yaani hutenga foleni ya kila mawasiliano, hivyo sauti haisimami nyuma ya picha. Ruta zinazotumia OpenWrt, mfumo endeshi huria wa ruta, zinayo. Ukiiwasha, weka kikomo cha kupakia chini kidogo ya kasi halisi ya laini, tuseme asilimia 90, ili foleni ijengeke kwako unakoweza kuisimamia na si kwenye modemu ya mtoa huduma.

Foleni ya pili ni ya hewa yenyewe. Katika Wi-Fi vifaa vya chaneli moja hupokezana, na pakiti ya baiti 1,500 inayotumwa kwa megabiti 1 kwa sekunde hushika hewa milisekunde 12 nzima, ilhali kwa megabiti 54 ingemaliza chini ya robo ya milisekunde. Kwa hiyo simu moja iliyo mbali, nyuma ya kuta mbili, huweza kuwachelewesha wote. Dawa yake ni ruta inayogawa muda wa hewa kwa usawa badala ya idadi ya pakiti, au kifaa cha pili cha kurusha mawimbi karibu na simu hiyo.

Watu wengi hukimbilia kwanza kipaumbele, yaani kuitanguliza sauti mbele ya data nyingine, na kwa maoni yangu hapo huwa wanaanzia mwisho. Tangu kiwango cha 802.11e cha mwaka 2005, Wi-Fi ina madaraja manne: sauti, video, kawaida na ya nyuma (kwa kazi zisizo na haraka). Sauti hubahatisha kungoja nafasi (vipande vifupi vya muda) 0 hadi 3 kabla ya kutuma, daraja la kawaida 0 hadi 15, basi sauti hushinda mara nyingi, ingawa haihakikishiwi kushinda. Tena alama hupotea njiani. Simu za ofisini huweka alama ya kipaumbele, namba 46, kwenye pakiti za sauti, lakini vifaa vingi vya Wi-Fi husoma biti tatu za mwanzo tu, hupata 5, na kuitupa sauti kwenye daraja la video. Mwongozo wa RFC 8325 wa mwaka 2018, mmoja wa nyaraka za viwango vya intaneti, unaelekeza ipelekwe daraja la sauti, na msimamizi wa mtandao anapaswa kukagua mpangilio huo mwenyewe.

Wi-Fi 6 huruhusu vifaa kadhaa kutuma kwa wakati mmoja ndani ya chaneli moja, na Wi-Fi 7 huongeza uwezo wa kutumia masafa mawili kwa pamoja. Faida hizo zipo, ila haziondoi bafa iliyofurika.

Kabla ya kununua chochote, piga ping (amri ya kompyuta inayopima muda wa kupata jibu) kwa anwani ya ruta yako, mara nyingi 192.168.1.1, huku kifaa kingine kikipakia faili kubwa, kisha rudia kwa anwani ya nje. Majibu ya ruta yakipanda hadi mamia ya milisekunde, tatizo li hewani: badilisha chaneli, ukichagua 1, 6 au 11 kwenye gigahezi 2.4, na televisheni na kompyuta za mezani zichomekewe waya. Yakibaki chini huku ya nje yakipanda, foleni iko kwenye laini, na kikomo cha kupakia ndicho cha kurekebishwa.