Ile tarakimu ya mwisho kwenye namba ya kontena

Mteja akinitumia namba ya kontena WhatsApp, hata salamu sijamaliza kuitikia nishachukua kikokotoo. Wenzangu ofisini wananicheka, wananiita mzee wa hesabu, sawa tu, mi nilishatafunwa na nyoka sasa hata unyasi unanishtua. Nitawaambia huyo nyoka alikuwa nani.

Nafanya kliaringi, yaani kuwatolea watu mizigo bandarini, hapa Dar na hakipiti kipindi kirefu bila mtu kuja analalamika eti kontena lake "halionekani kwenye sistimu". Meli ilishafika, kontena lilishashushwa, liko yadi linachomwa na jua, ila ukitafuta kwenye kompyuta halipo. Watu wanaanza kuwaza hujuma. Mara nyingi hakuna cha hujuma wala nini, kuna tarakimu moja imekosewa mahali, basi.

Ukienda kwenye mlango wa kontena lolote, iwe bandarini au lile lililogeuzwa duka mtaani kwenu, utakuta herufi nne, afu namba sita, afu namba moja imekaa peke yake, mara nyingi wameifungia kwenye kiboksi. Herufi tatu za kwanza zinamtaja mwenye kontena, mfano MSK ni kampuni ya meli ya Maersk, na kodi hizo zinasajiliwa na ofisi moja inaitwa BIC iko Paris, ndo maana kampuni mbili hazigongani. Ya nne kwa kontena la mzigo ni U. Namba sita ni za kontena lenyewe. Sasa ile ya kwenye kiboksi ndo ninayoipenda mimi, maana yenyewe haitaji kitu chochote, kazi yake ni kuwachunga wale kumi waliotangulia.

Inavyochunga ni hivi. Chukua CSQU3054383, mfano ambao unatumika sana kufundishia. Kila herufi ina thamani yake, A ni 10, B ni 12, unapanda hivo hivo ila unaruka 11, 22 na 33. Kwa hiyo C inakuwa 13, S 30, Q 28, U 32. Namba zenyewe zinabaki zilivyo. Afu unazidisha kulingana na kiti, wa kwanza mara 1, wa pili mara 2, wa tatu mara 4, unadabo tu mpaka wa kumi ambao ni mara 512. Jumlisha zote, 6185. Gawa kwa 11, inaingia mara 562 inabaki 3. Angalia kiboksi: 3. Imekubali.

Haya, sasa saa kumi na moja jioni karani kachoka anawaza foleni ya Mbagala, anaandika CSQU3045383, yaani 5 na 4 zimebadilishana viti. Ungekuwa unajumlisha kawaida usingeshtuka kwa sababu 5 na 4 ni tisa hata uzipange vipi, ila hapa kila kiti kina uzito wake, jumla inaruka mpaka 6249, inabaki 1, kiboksi kinasema 3. Imegoma! Kauchochoro kapo kidogo, baki likitoka 10 wanaandika 0, sawa na baki la 0 lenyewe, ndo maana wenye makontena wanashauriwa wasitumie kabisa namba zinazoleta 10.

Kwa nini ujisumbue na haya yote? Kwa sababu hiyo namba haiandikwi mara moja. Iko kwenye BL (hati ya mzigo ya meli), iko kwenye manifesti, yaani orodha ya mizigo yote ya meli, ambayo wakala wa meli anaituma, iko kwenye TANSAD (fomu ya forodha) ninayoitengeneza mimi, iko kwenye orodha ya terminali na inasomwa tena getini lori likitoka, na watu wanasema saivi mambo ni dijitali lakini katikati ya hizo sistimu bado kuna binadamu amefungua PDF iliyoskaniwa kwa kupinda anachapa kwa vidole. Kompyuta zenyewe hazimjui mteja wangu, zinalinganisha tu, hii inafanana na ile au haifanani.

Kwenye bandari zenye geti la kamera ni kitu kile kile. Lori linapita pole pole, kamera zinapiga mlango, ubavu na paa, programu inasoma namba hata kama kutu imekula nusu ya herufi. Inajua nne za mwanzo lazima ziwe herufi kwa hiyo O haiichanganyi na sifuri, ikimaliza inapiga hesabu hii hii niliyowaonyesha, ikigoma inajaribu picha ya upande mwingine, ikigoma tena inamtupia mtu aliyekaa kwenye skrini.

Ila namba ni ufunguo tu, haijui ndani kuna nini. Juni 2017 kirusi cha NotPetya kilipoiangusha mitandao ya Maersk, makontena yalikuwepo na namba zake mlangoni zinasomeka vizuri kabisa, ila rekodi za kusema hili la nani linaenda wapi zilikuwa hazifunguki. Iliripotiwa kwamba kipande muhimu cha kurudishia mtandao wao kilikuja kupatikana kwenye ofisi yao ya Ghana, kilipona kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Siku nyingine ukitaka kuitukana mgao wa umeme kumbuka hilo.

Sasa nyoka wangu. Mteja wangu mmoja alikuwa analeta tailizi, nikapewa namba, nikaipigia hesabu, ikakubali safi, nikatulia. Kumbe namba ilikuwa sahihi ila ya mtu mwingine! Aliyeandaa hati kule mzigo ulikotoka alikuwa na wateja kadhaa kwenye Excel moja, akakopi mstari wa chini yake. Kiboksi kinaweza kukwambia namba haijaharibika, hakiwezi kukwambia ni ya kwako. Kurekebisha manifesti ni barua, wakala wa meli aombe, forodha wakubali, huku siku za bure zinaisha, storeji ya bandari inatembea, demareji, yaani tozo ya kuchelewa na kontena, inatembea, na mteja anapiga simu kila baada ya swala.

Tangu siku hiyo nadai picha ya mlango ukiwa umefungwa na sili (kile kifungio cha mlango chenye namba yake) ikionekana, kabla meli haijaondoka. Namba ya sili haina kiboksi cha kuichunga, ukikosea unakosea kimya kimya.

Na magari ya Japani ndo balaa zaidi, namba za chesisi za kule hazina tarakimu ya kujikagua. Toyota IST ambayo chesisi yake inaanza na NCP60, ukibadilisha namba mbili za mwisho hakuna kompyuta itakayoguna, pengine umeshataja IST ya mtu yuko Osaka anaendea kazini. Hizo namtaka mteja picha ya chesisi yenyewe, naisoma mara mbili, ya pili naanzia nyuma kwenda mbele.