Bakteria wa Mizizi na Nafaka: Dhana Potofu na Ukweli

Wapo wakulima nchini Uganda wanaoamini kwamba, kwa kuwa chanjo ya mbegu, yaani bakteria hai wanaopakwa kwenye mbegu kabla ya kupanda, huistawisha soya, ukiipaka kwenye mahindi utavuna vilevile. Sivyo. Bakteria wa raizobia hujenga vinundu kwenye mizizi ya mimea ya jamii ya kunde, kama soya. Ukikipasua kinundu kwa ukucha ukaona wekundu ndani, ujue kazi ya kunasa nitrojeni ya hewani inaendelea. Mahindi, mtama, wimbi na mpunga hazifanyi vinundu hivyo. Nafaka zina bakteria wengine, hasa azospirilumu, waishio juu ya mizizi na kandokando yake, ambao walifahamika zaidi kutokana na kazi ya mwanasayansi Johanna Döbereiner na wenzake nchini Brazili katika miaka ya 1970.

Dhana inayowagharimu wakulima zaidi ni kwamba bakteria hao wataondoa haja ya mbolea. Nitrojeni wanayoipatia nafaka kwa kawaida ni kidogo. Msaada wao mkubwa ni homoni wanazotoa, ambazo huufanya mmea uote mizizi mingi ya pembeni na vinyweleo vingi, ukafikia maji na virutubisho ambavyo usingevifikia. Katika udongo mwekundu wenye asidi, ambao ni mwingi Uganda, fosforasi, kirutubisho ambacho mmea hukihitaji, hushikwa na madini ya chuma na alumini, na baadhi ya bakteria hutoa asidi zinazoilegeza. Hata hivyo, hawawezi kulegeza kisichokuwapo: shamba lililochoka bado linadai samadi, mboji na mbolea ya dukani kwa kiasi.

Si kweli pia kwamba kila bakteria ni ugonjwa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walieleza habari za bakteria wa mizizi ya wimbi, zao letu la tangu kale, anayejipanga pamoja na vinyweleo vya mizizi na kumnasa kuvu wa fuzaria, aletaye ugonjwa, kabla hajapenya ndani ya mzizi.

Mwisho, chanjo si bidhaa ya kuwekwa popote. Ina viumbe hai, ambao hufa pakiti ikiachwa juani, na wengi wao huuawa na dawa ya kuvu inayopakwa kwenye mbegu, zile ziuzwazo zikiwa na rangi. Changanya mbegu kivulini, panda siku hiyohiyo udongo ukiwa na unyevu, na uache mistari michache bila chanjo ili ulinganishe mwenyewe.