Nani Alipie Matibabu ya Mtoto Kijijini? Maswali na Majibu Kuhusu Fedha za Afya Ngazi ya Jamii

Mwaka 2023 watoto wapatao milioni 4.8 duniani walifariki kabla ya kutimiza miaka 5. Mwaka 1990 walikuwa zaidi ya milioni 12, kwa hiyo kazi kubwa imefanyika. Lakini nimonia, kuhara na malaria bado vinaua watoto wengi, hasa katika nchi za kipato cha chini na mahali ambapo zahanati iko mbali.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kweli kumtibu mtoto?

Anaweza, akifundishwa na akiwa na vifaa. Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF, shirika la Umoja wa Mataifa la watoto, walitoa tamko la pamoja mwaka 2012 kuunga mkono utaratibu huu kwa watoto wa miezi 2 hadi miaka 5. Mhudumu ni mkazi wa hapo hapo, na watu wanamfahamu.

Akiletewa mtoto mwenye kikohozi, humwomba mama amtulize na kumfunua kifua, kisha huhesabu pumzi kwa dakika nzima, macho yakiwa kifuani. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, anapumua haraka kupita kawaida, dalili ya nimonia, na anahitaji amoksilini, dawa ya kuua bakteria. Mwenye homa hutobolewa kidole kwa kipimo cha haraka cha malaria, na ikionekana hupewa dawa mseto ya malaria. Anayehara hupewa ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) na zinki. Mkono wa juu nao hupimwa kwa utepe wa rangi: ukiangukia kwenye nyekundu, yaani chini ya milimita 115, mtoto ana utapiamlo mkali. Mwenye dalili za hatari hupewa rufaa papo hapo.

Dawa hizo si ghali. Sasa pesa nyingi zinahitajika kwa nini?

Ni kweli, kozi nzima ya amoksilini ya mtoto ikinunuliwa kwa jumla haifiki dola 1 ya Marekani. Pesa kubwa iko kwingine: posho au mshahara wa mhudumu, mafunzo na marudio yake, rejesta, usafirishaji wa dawa hadi kijijini, na msimamizi wa kutoka zahanati anayehitaji usafiri ili aje kuangalia kazi. Bajeti nyingi huweka dawa na siku za mafunzo tu, kisha watu wanashangaa mpango ukizorota.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Dawa zikiisha, mama akifika mara mbili akarudi mikono mitupu, mara ya tatu haji. Posho, mafunzo na usimamizi vinaendelea kulipiwa, lakini watoto wanaotibiwa wanapungua, na gharama kwa kila mtoto inapanda. Baadaye wakaguzi wanasema mpango ni ghali, kumbe uligharimu hivyo kwa sababu ulinyimwa dawa.

Wafadhili si wanalipia?

Wanalipia sehemu, na sehemu hizo hazikutani kila mara. Mfuko wa Dunia wa Kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria ulianzishwa mwaka 2002 kwa magonjwa hayo matatu. Kuanzia 2014 ulikubali fedha zake zisaidie pia mafunzo na usimamizi wa wahudumu wanaotibu magonjwa mengine ya mtoto. Hiyo ilikuwa hatua nzuri. Lakini kwa miaka mingi dawa za nimonia na kuhara nchi ilitakiwa kuzitafutia mlipaji mwingine, na mara nyingi alikosekana au alichelewa.

Matokeo yake yanaonekana kwenye begi la mhudumu. Mtoto ana homa na kikohozi, kipimo cha malaria kinatoka hasi, pumzi zimehesabiwa na zimezidi. Mhudumu anajua tatizo ni nini na amefundishwa dawa yake, ila dawa haimo. Hili linaniuma kuliko upungufu mwingine wowote katika mfumo huu, kwa sababu mafunzo yamelipiwa, mhudumu yupo, mama amefika kwa wakati, na bado mtoto hatibiwi. Mfadhili anaweza kuchagua ugonjwa wa kulipia, lakini mtoto hachagui ugonjwa wa kuugua.

Mradi wa wafadhili ukiisha, nini hutokea?

Inategemea kama serikali ilianza kulipa mapema. Kanada, kupitia WHO, iligharimia mpango wa miaka kadhaa wa kupanua matibabu haya Malawi, Msumbiji, Niger, Nigeria na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mipango ya namna hiyo ina tarehe ya mwisho. Kama hadi siku hiyo posho na dawa havina kifungu katika bajeti ya taifa, wahudumu wanabaki na begi tupu. Mwaka 2025, Marekani ilipovunja shirika lake la misaada, USAID, nchi nyingi hazikupata hata muda wa kujiandaa.

Kwa nini wasijitolee tu?

Kwa sababu hii ni kazi. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2018 unataka wahudumu walipwe kulingana na majukumu na saa zao, na unashauri malipo yasitegemee zaidi idadi ya huduma walizotoa. Ethiopia ilianza mpango wake mwaka 2003 kwa kuajiri wanawake na kuwalipa mshahara wa serikali.

Wazazi wakichangia kidogo?

Hapana. Anayesubiri kupata pesa ndipo ampeleke mtoto anapoteza siku ambazo nimonia haimpi.

Serikali yenye kipato kidogo ianzie wapi?

Viongozi wa Afrika waliahidi Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na nchi nyingi bado hazijafika huko. Hata kabla ya kufika, kuna hatua zinazowezekana. Amoksilini, ORS na zinki za wahudumu ziingie kwenye makadirio ya bohari ya dawa ya taifa. Makadirio yakitegemea takwimu za zahanati pekee, dawa za wahudumu wa vijijini hazihesabiwi na haziagizwi. Posho nayo iwe na kifungu chake, hata kama mwanzoni mfadhili ndiye anayekijaza. Na wafadhili wakae meza moja na wizara kabla ya mwaka wa fedha, kila mmoja aseme analipia nini, ili pengo lijulikane mapema.

Mtoto anaumwa leo na mhudumu hana dawa. Nifanye nini?

Mpeleke kituo cha afya bila kusubiri kama hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea sana au haamki, au kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi. Mtoto chini ya miezi 2 anayeumwa apelekwe hata kama hana dalili hizo. Njiani aendelee kunyonya, na anayehara anyweshwe ORS kidogo kidogo. Zinki ikipatikana, apewe kila siku kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma.