CEA iko sawa lakini choo kina damu? Usiridhike bado

Kuna watu wanatufikia wakiwa na karatasi ya maabara mkononi, imeandikwa CEA 2.1, kipimo cha protini fulani kwenye damu, na pembeni pametikiwa kuwa ni kawaida, ukimuuliza ulipima kwa nini anakwambia dokta nilikuwa naona damu kwenye choo nikaogopa kansa, sasa namshukuru Mungu sina. Hapo ndo moyo unaniuma, maana karatasi ile haina uwezo wa kusema hivyo.

CEA ni protini iliyogunduliwa mwaka 1965 kule Montreal, Kanada, na Phil Gold na Samuel Freedman, na mwanzoni ilitegemewa sana kwamba itasaidia kukamata saratani ya utumbo mpana mapema. Haikuwezekana. Saratani ikiwa bado changa wagonjwa wengi CEA yao inasoma kawaida kabisa, halafu mtu asiye na saratani anaweza kuwa nayo juu kwa sababu ya sigara, au ini lina shida, au kongosho limevimba. Kazi yake hasa ni kwa mgonjwa ambaye tayari ameshagundulika: akishafanyiwa operesheni inatakiwa ishuke, na baadaye ikianza kupanda tena tunaanza kutafuta kama ugonjwa umerudi.

Wengine wanauliza kuhusu vile vipimo vipya vya Marekani vinavyotafuta vipande vya DNA ya saratani kwenye damu. Vipo. Shield kiliidhinishwa Julai 2024 kwa watu wa miaka 45 na kuendelea wasio na hatari ya ziada, na utafiti wake ulionyesha kati ya wagonjwa 100 wa saratani hii kinakamata kama 83, ni hatua kubwa sana. Ila kwa polipu, yaani vile vinyama vinavyoota ndani ya utumbo, hata zile zilizofikia hatua ya hatari kinakamata kama 13 tu kwa 100. Na saratani nyingi za utumbo mpana zinaanzia kwenye polipu, inakaa miaka, mara nyingi kumi hivi, ndo inageuka. Kamera, ile inayoingizwa kwenye utumbo kupitia njia ya haja kubwa, inaiona na daktari anaikata palepale kabla haijawa kitu. Na hata ukikutwa na majibu mabaya kwenye damu, bado utapelekwa kwenye kamera.

Sasa sisi wa kanda ya ziwa tuna shida yetu. Damu kwenye choo huku ina majina mengi: kichocho, amiba, bawasiri. Na kichocho cha tumbo kipo kweli jamani, Ukerewe kipo, Sengerema kipo, kwa hiyo mtu anameza prazikwanteli, damu inakata wiki mbili tatu, anajua amepona. Lakini saratani nayo inavuja na kuacha, inavuja na kuacha! Umetibiwa na damu imerudi, au choo kimebadilika tu bila sababu, mara kigumu mara kuhara, au unakonda, omba kabisa upimwe utumbo.

Kipimo cha damu ambacho mimi nakiheshimu zaidi hapa ni FBP, kile cha kawaida cha wingi wa damu. Saratani ikiwa upande wa kulia wa utumbo inavuja kidogokidogo, jicho halioni kitu. Unakuta baba wa miaka 55, mvuvi, zamani alikuwa anavuta nyavu usiku kucha na sasa akipanda ngazi za mwaloni anahema, viganja vimepauka, himoglobini 8, anapewa vidonge vya chuma na kuambiwa ale matembele. Sawa ale, lakini damu imeenda wapi? Mwanaume mtu mzima, au mama aliyekoma hedhi, akikosa chuma lazima tumbo na utumbo viangaliwe.

Kuhusu kamera yenyewe, wengi wanaona aibu, hasa wanaume. Unakula vyepesi siku ya kabla, unakunywa dawa ya kuharisha utumbo usafike, unapigwa sindano ya kukutuliza, na mara nyingi ni kama nusu saa hivi imeisha. Ulizia hospitali ya Bugando, Mwanza. Na kama mzazi au ndugu yako wa tumbo moja aliugua saratani hii usisubiri dalili, anza na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliogundulika nao yeye, ile inayotangulia: kaka aligundulika na 42, wewe nenda na 32.