Alama za maandalizi na mlipuko wenyewe

Oktoba 2019, miezi michache kabla ya korona, ilitoka Fahirisi ya Usalama wa Afya Duniani, ikizipanga nchi 195 kwa jinsi zilivyojiandaa kukabili mlipuko. Marekani iliongoza kwa alama 83.5 kati ya 100, Uingereza ikafuata. Baadaye Marekani ikazika zaidi ya watu milioni moja, huku kwetu Uganda vikitangazwa vifo takriban 3,600 tu.

Wengi wakasema orodha hiyo itupwe. Mimi siafiki. Korona iliua zaidi wazee, na Waganda wengi ni vijana na watoto. Tena vifo vingi vya vijijini kwetu havipiti hospitalini wala haviandikwi popote, kwa hiyo vile 3,600 ni vile tu vilivyoonekana. Watafiti waliporekebisha tofauti za umri na vifo visivyohesabiwa, katika utafiti wa 2023, nchi zenye alama za juu zilionekana kweli kuokoa watu zaidi. Kwa upande wa maambukizi mambo ni mengine. Utafiti wa nchi 177 uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2022 haukuona alama hizo zikiendana na wingi wa maambukizi. Kilichoendana na maambukizi machache ni imani kubwa ya watu kwa serikali yao, na wao kwa wao.

Sisi wa ufuatiliaji wa magonjwa tunaijua hiyo imani kwa sura yake. Aliyemgusa mgonjwa wa Ebola hufuatiliwa siku 21. Kila siku mhudumu anafika uani, anasimama mbali kidogo, anapima joto, anauliza: umeumwa kichwa? Umetapika? Siku mwenye nyumba akiamua kutofungua mlango, au akihamia kwa shangazi yake wilaya nyingine, alama za nchi hazimrudishi.

Ebola ya aina iitwayo Sudan ilitangazwa Mubende, hapa Uganda, tarehe 20 Septemba 2022, lakini watu walikuwa wameanza kufa vijijini kabla ya hapo bila sababu kujulikana. Maabara ya virusi ya Entebbe ni ya kutegemewa, na taasisi yake ipo tangu 1936. Ila haipimi sampuli ambayo haijaletwa. Hadi mlipuko unatangazwa kwisha, Januari 2023, watu 55 kati ya 142 waliothibitishwa walikuwa wamefariki.

Januari 2025 ugonjwa ulirudi, safari hii Kampala. Wa kwanza kutambuliwa alikuwa muuguzi, naye alikuwa amezunguka vituo kadhaa na hata kwa mganga wa kienyeji kabla ya kujulikana anaumwa nini. Hata hivyo, siku 4 tu baada ya kutangazwa, majaribio ya chanjo yalianza, kwa kuwa taratibu zake zilikuwa zimeandaliwa mapema. Maandalizi ya namna hiyo yana faida, na ninayatetea.

Ninachokiamini zaidi ni kipimo cha 7-1-7, ambacho Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kukijaribu: siku 7 kuugundua mlipuko, siku 1 kuutolea taarifa, siku 7 kukamilisha hatua za kwanza. Hicho hupima kilichotendeka kweli. Wanaopanga orodha waanze na ile 7 ya kwanza, na waulize pia kama mhudumu wa afya wa kijiji, ambaye ndiye hukisikia kifo cha ajabu kabla ya sisi sote, analipwa.