Maji Kidogo Ndani ya Boti: Ufafanuzi kwa Wamiliki na Manahodha wa Vyombo Vidogo

Tangu tuanze ukaguzi wa boti ndogo za mwambao kabla ya pepo za kusi kushika, malalamiko yamekuwa mengi. Linalorudiwa kuliko yote ni hili: "Mmenizuilia boti kwa maji kidogo tu." Naamini anayelalamika hana nia mbaya, basi tufanye hesabu pamoja.

Chukua chumba cha chini ya sakafu chenye urefu wa mita 3 na upana wa mita 1.2. Maji yakisimama humo kwa kina cha sentimita 10 tu, ni lita 360. Yakiwa ya bahari, uzito wake ni kilo 369 hivi. Hao ni watu wazima watano ambao hawamo kwenye orodha yako ya abiria, na hawatulii mahali pamoja. Boti ikilalia kushoto, wote wanakimbilia kushoto na kuizidisha kulala. Gunia la mchanga lenye uzito huohuo, ukilifunga vizuri chini, halifanyi hivyo. Upana wa maji ukiongezeka mara mbili, nguvu yake ya kuilaza boti huongezeka mara nane. Feri ya Herald of Free Enterprise ilipinduka nje ya bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, tarehe 6 Machi 1987, kwa maji yaliyoingia kwenye sakafu ya magari. Watu 193 walikufa, na ile ilikuwa meli kubwa.

Kwa sababu hiyohiyo mjenzi huweka kuta ndani ya boti. Ukuta mmoja wa katikati, kutoka omo (mbele) kuelekea tezi (nyuma), hupunguza nguvu hiyo ikabaki robo. Sasa tunafungua vifuniko tunakuta ukuta umetobolewa kwa drili ili maji yote yafike kwenye pampu moja. Tumelisema hili kila msimu. Ukitoboa ukuta huna tena vyumba viwili, una kimoja kikubwa, na tundu moja la nje litajaza boti nzima. Kama ni lazima bomba au waya upite ukutani, upitishe juu kabisa na uzibe pembeni yake.

Kuyatoa maji na kuendelea na safari si matengenezo. Tafuta yanakotoka. Kwa wa baharini, pima kwa ulimi: chovya kidole uonje, isipokuwa maji yakiwa na harufu ya petroli au utando wa mafuta. Yakiwa baridi bila chumvi ni ya mvua, tazama mpira wa kifuniko na nyufa za sakafu. Yakiwa na chumvi, anza na kizibo cha tezi, kisha skrubu zilizoshikilia injini, kisha mkuku, ule uti wa chini ya boti, mahali unapoburuzwa mchangani. Usipopaona, pandisha boti nchi kavu, uikaushe nje, umimine ndoo chache za maji ndani ya chumba kile na ungoje. Palipovuja patajionyesha kwa tone. Kizibo msikidharau. Tundu la milimita 25 lililo sentimita 30 chini ya uso wa maji huingiza takribani lita 40 kwa dakika, ndoo mbili za lita 20. Kijana mmoja mwenye kata hawezi kushindana nalo kwa muda mrefu.

Wenye mashua za mbao wana hoja ya kweli. Mbao iliyokaa juani wiki kadhaa hufunguka, na chombo kikishushwa hunywa maji mpaka mbao zivimbe na kujibana. Sawa, kiacheni majini bila abiria wala mzigo hadi kitulie. Kikiendelea kunywa baada ya hapo, ni kalafati, yaani kizibo cha kati ya mbao, imechoka. Boti ya faiba haivimbi. Inayovuja leo itavuja zaidi kesho, na povu lililojazwa ndani likishalowa halikauki kirahisi. Boti inazidi uzito mwaka hata mwaka na mwenyewe anailaumu injini.

Pampu ya ngama, yaani ya chini kabisa ya boti maji yanapotuama, ni msaada, lakini mwezi uliopita nilichomoa moja iliyokuwa ikinguruma bila kutoa kitu: chujio limefungwa na mfuko wa plastiki na nyuzi za mshipi. Safisheni chujio. Mdomo wa bomba la kutolea uwe juu ya maji hata boti ikilala, la sivyo bahari itarudi kwa bomba hilohilo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama ngama, kwa hiyo fungua vifuniko upitishe hewa kabla ya kuwasha pampu au injini. Maji yenye mafuta yakusanyeni kwenye dumu. Kuyamwaga baharini ni kosa la kuchafua mazingira, hata kama ni usiku.

Utaratibu ni huu. Chombo kikikutwa na maji yasiyoelezeka au ukuta uliotobolewa, mkaguzi anaandika kasoro, nakala moja inabaki kwa mmiliki, na chombo hakiondoki. Mmiliki anarekebisha kwa fundi wake, kisha anaomba ukaguzi wa marudio. Zuio huondolewa kwa maandishi. Ruhusa ya mdomo haipo, hata ikitoka kwa mkaguzi mnayemfahamu. Anayeondoka huku zuio lipo anafanya kosa jipya, tofauti na lile la kuvuja. Hilo linaweza kumgharimu cheti na kumfikisha mahakamani, nahodha akiwa pamoja na mmiliki.

Siku ya marudio, leteni boti vifuniko vyote vikiwa wazi, kabla ya kupakia. Wengine huja wamekausha vyumba kwa matambara alfajiri ileile. Maji ya bahari yakisimama muda mrefu huacha mstari mweupe wa chumvi ukutani, na huo ndio tunaoupima kwanza.