Mfanyabiashara Akiteuliwa Balozi, Mzigo Wako Bado Unalipiwa Ushuru

Redio ikitangaza kwamba Rais ameteua mabalozi, na mmoja wao alikuwa mfanyabiashara, mimi wakala wa forodha hapa Kigoma najua simu zitakazofuata. "Kaka, yule mheshimiwa tunafahamiana. Mzigo tuuandike jina lake, upite bure." Nimechoka kumjibu mmoja mmoja pale Kibirizi, kwa hiyo naandika.

Dhana: Akishakuwa balozi, mizigo yake na ya watu wake haitozwi ushuru

Anayempa balozi msamaha ni nchi inayompokea, si nchi iliyomtuma. Ndivyo inavyosema ibara ya 36 ya Mkataba wa Vienna wa 1961, unaohusu mabalozi na uhusiano wa kidiplomasia. Mtanzania aliyepelekwa Bujumbura anasamehewa na Burundi, tena kwa vitu vya matumizi ya ubalozi na vya kwake na familia anayoishi nayo. Kwenye bandari ya Kigoma jina lake halifuti hata shilingi moja ya mzigo wako wa vitenge. Siku akihamia tena nyumbani ataingiza bila ushuru vyombo vyake na gari alilolimiliki na kulitumia huko kwa angalau miezi 12, na utaratibu huo upo hata kwa mwalimu anayerudi kutoka Lubumbashi.

Sasa utaniambia, basi tumtumie balozi wa nje aliyeko kwetu. Huyo kweli ana msamaha, na sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inautambua. Lakini magunia 300 ya sukari ni matumizi ya familia gani? Kitu kilichosamehewa kikiuzwa kwa mtu asiye na msamaha, ushuru unadaiwa. Na jina la kuazima kwenye tamko la forodha ni tamko la uongo. Watakaoitwa ni mimi niliyelijaza na wewe mwenye mali. Mheshimiwa atakuwa ofisini kwake anakunywa chai.

Najua dhana hii imetoka wapi. Watu wanaona shehena zinafika kutoka Dar es Salaam, zinapakiwa melini kwenda Bujumbura au Kalemie, na hakuna aliyelipa ushuru wa Tanzania. Mjini kuna ubalozi mdogo wa Burundi na wa Kongo, basi wanaunganisha wenyewe: lazima kuna mkubwa nyuma. Hakuna mkubwa. Ni transiti, yaani mzigo unaopita tu nchini kwenda nchi nyingine. Mzigo umewekewa dhamana, na ukionekana umeuzwa sokoni Mwanga badala ya kuvuka ziwa, dhamana hiyo inadaiwa.

Kama kweli unataka nafuu, niletee ankara halisi kabla mzigo haujaondoka kwa muuzaji. Nimelisema hili mpaka wateja wananitania, lakini gharama nyingi mnazolia nazo ni za kusubiri karatasi.

Dhana: Huko alikopelekwa atapanua biashara yake

Ibara ya 42 ya mkataba ule ule wa 1961 inamkataza balozi kufanya biashara ya faida yake binafsi katika nchi aliyopelekwa. Felix Rohatyn, mwanabenki wa New York, alikuwa na benki ya Lazard tangu mwishoni mwa miaka ya 1940. Alipokwenda Paris mwaka 1997 kuwa balozi wa Marekani, benki aliiacha. Balozi anaweza kuwafungulia milango wafanyabiashara wa nchi yake, na hiyo ni kazi yake kabisa. Ila akianza kujifungulia mwenyewe, ni jambo jingine.

Dhana: Balozi wa heshima ni balozi yule yule

Huyu ndiye wengi wenu mnayemfahamu: ana duka au kampuni, na nchi fulani imemwomba aiwakilishe hapo mjini. Anaendelea na biashara yake, na kwa kawaida hana mshahara wa ubalozi. Msamaha wake, chini ya Mkataba mwingine wa Vienna, wa 1963, unaohusu balozi ndogo, ni wa bendera, nembo, mihuri, vitabu, samani na vifaa vya ofisi, tena viwe vimeletwa na nchi anayoiwakilisha au kwa agizo lake. Karatasi za ubalozi zinalindwa ikiwa tu amezitenga na karatasi za biashara. Akizichanganya na ankara za duka kwenye kabati moja, kinga hiyo haipo.

Dhana: Rais akishateua, imekwisha

Bado. Nchi inayompokea lazima imkubali kwanza, na ikimkataa hailazimiki kutoa sababu.

Dhana: Jengo la ubalozi ni ardhi ya nchi nyingine

Ni ardhi ya nchi lilipo. Maofisa wa nchi hiyo hawaingii bila ruhusa ya mkuu wa ubalozi, basi.

Dhana: Akiwa balozi hadaiwi

Kinga yake iko katika nchi aliyopelekwa, na hata huko haifuniki kesi za biashara binafsi, mirathi au nyumba yake mwenyewe. Nyumbani hana kinga hiyo. Kama ulimkopesha saruji kabla ya uteuzi, tunza hati ya makabidhiano yenye sahihi yake na uende nayo mahakamani hapa hapa Kigoma.